Mwenye Lugha: Kibaski, Watunzi wa Papo kwa Papo na Usanifishaji wa Mwaka 1968

UTANGULIZI

Lugha ya Kibaski, ambayo wenyewe huiita Euskara, ina neno moja linalostahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa isimu-jamii. Mbaski, kwa lugha yake, ni euskaldun. Neno hili limeundwa kwa jina la lugha pamoja na kiambishi -dun, chenye maana ya "mwenye". Basi Mbaski ni mtu mwenye Kibaski. Asiyeijua lugha hiyo huitwa erdaldun, yaani mwenye lugha nyingine, hata kama babu zake wote wamezikwa katika ardhi hiyo hiyo. Nchi nayo huitwa Euskal Herria, na jina hilo pia limejengwa juu ya jina la lugha. Watu wengi hutambuana kwa nasaba, kwa dini, au kwa mipaka ya dola. Wabaski wamejitambulisha kwa kile wanachokisema.

Jambo hili lina uzito wake. Ikiwa kuwa Mbaski ni kuwa na lugha, basi lugha ikifa hakuna jina litakalobaki la kuwaitia wenyewe. Na anayethubutu kuigeuza lugha amegusa utu wa watu, si maandishi yao tu. Ndiyo sababu mjadala wa kusanifisha Kibaski, uliofikia kilele chake mwaka 1968, ulikuwa na ukali ambao mtu wa nje asingeutarajia katika ugomvi juu ya herufi moja.

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna lugha iliyoishi mashambani kwa karne nyingi, bila dola wala mahakama wala jeshi, ilivyopata umbo moja la kuandikiwa na kufundishiwa katika muda usiozidi kizazi kimoja. Jibu la kawaida ni kwamba kazi hiyo ilifanywa na Akademia ya lugha. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Akademia iliandika kanuni, walakini haikuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu yeyote kuzifuata. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni zile zilipata uhai kwa watu wa aina mbili: walimu wa shule zilizoanza kwa siri, na watunzi wa mashairi ya papo kwa papo waitwao bertsolari.

ARDHI, NYUMBA NA LUGHA

Nchi ya Wabaski imekaa katika kona ya Ghuba ya Biscay, pale milima ya Pyrenees inapoteremka kuelekea bahari ya Atlantiki. Kwa desturi huhesabiwa kuwa na majimbo saba. Manne yamo kaskazini mwa Uhispania, nayo ni Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa. Matatu yamo upande wa Ufaransa: Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa. Upande wa pwani ni nchi ya mvua nyingi, vilima vya majani na mabonde membamba.

Msingi wa maisha ya mashambani ulikuwa baserri, nyumba kubwa ya mawe na mbao iliyokusanya watu, mifugo na mavuno chini ya paa moja. Aghalabu mtoto mmoja tu ndiye aliyeirithi nyumba pamoja na shamba lake lote, ili mali isigawanyike hata ikakosa manufaa. Ndugu zake walitafuta riziki baharini, katika utawa, au ng'ambo huko Amerika. Nyumba ilikuwa na hadhi kuliko mwenye nyumba, kwani ndiyo iliyompa jina. Jina la ukoo Etxeberria, kwa mfano, maana yake ni "nyumba mpya". Majirani walifanya kazi za njia na madaraja kwa ujima ulioitwa auzolan, neno lililounganisha auzo, "ujirani", na lan, "kazi".

Lugha iliyosemwa katika nyumba hizo haijapatikana kuwa na jamaa hata mmoja aliyethibitishwa na wanaisimu. Haitokani na Kilatini kama Kihispania na Kifaransa, wala haimo katika ukoo wa lugha za Kihindi-Kizungu. Ilikuwako kabla ya Warumi. Maandishi ya Kilatini yaliyochongwa kwenye mawe ya Aquitaine yana majina ya watu kama Nescato na Cison, na kila Mbaski wa leo huyatambua humo maneno neskato, "msichana", na gizon, "mwanamume". Mwaka 2022 ilitangazwa habari ya mkono wa shaba uliofukuliwa huko Irulegi, karibu na mji wa Pamplona, ukiwa na maandishi ya karne ya kwanza kabla ya Kristo. Neno lake la kwanza lilifananishwa na zorioneko, "lenye heri", ingawa usomaji huo umezua ubishi miongoni mwa wataalamu.

Kwa upande wa sarufi, msomaji wa Kiswahili hatakosa la kumvutia. Kitenzi cha Kibaski huweza kubeba mtenda, mtendwa na mtendewa kwa pamoja. Neno dakarkiot lina maana ya "ninamletea kitu hicho", nalo limefungwa kwa viambishi kama vile "ninamletea" ilivyofungwa. Lugha hizi mbili hazina undugu wowote. Ila mfano huo watosha kuonyesha kwamba Kibaski si maneno ya mkulima asiye na sarufi, kama maafisa na wasomi wa miji walivyodai kwa muda mrefu.

KARNE NNE ZA MAANDISHI YALIYOTAWANYIKA

Vifungu vichache vya Kibaski vimehifadhiwa pembezoni mwa kurasa za hati ya Kilatini ya nyumba ya watawa ya San Millán, iliyoandikwa yapata miaka elfu moja iliyopita. Kitabu cha kwanza kupigwa chapa kilitoka Bordeaux mwaka 1545, nacho kilikuwa diwani ya padre Bernard Etxepare. Mwaka 1571 Joanes Leizarraga alitoa tafsiri ya Agano Jipya kwa amri ya Jeanne d'Albret, malkia wa Navarre aliyefuata Uprotestanti. Mwaka 1643 padre Axular alitoa kitabu cha maadili kiitwacho Gero, ambacho huhesabiwa kuwa kilele cha nathari ya zamani ya Kibaski. Yafaa ikumbukwe kwamba watatu hawa wote waliandika upande wa Ufaransa. Upande wa Uhispania msukumo ulichelewa, hadi Manuel Larramendi, Mjesuiti, alipochapisha sarufi yake mwaka 1729 akaipa jina lenye majivuno, ambalo tafsiri yake ni "lisilowezekana limeshindwa".

Hata hivyo kila mwandishi aliandika kwa lahaja ya kwao. Louis-Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon wa Kwanza, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuzichunguza lahaja za Kibaski, alizigawa katika karne ya 19 kuwa lahaja nane. Tofauti zao si haba. Mtu wa Bizkaia husema dot kwa maana ya "ninacho", wa Gipuzkoa husema det, na wa Lapurdi husema dut. Madhali kitenzi hiki kisaidizi huingia karibu katika kila sentensi, ni dhahiri kwamba ukurasa mmoja tu wa maandishi ulitosha kumtambulisha mwandishi ametoka bonde gani.

Karne ya 19 ilileta misiba miwili pamoja. Wa kwanza ulikuwa wa kisiasa. Kwa karne nyingi majimbo ya Wabaski yalijitawala kwa hati za kale ziitwazo fueros, na watawala waliapa kuziheshimu chini ya mti wa mwaloni katika mji wa Gernika. Baada ya vita vya ndani, serikali ya Uhispania ilizifuta haki hizo kwa sheria ya mwaka 1876. Msiba wa pili ulikuwa wa kiuchumi. Chuma cha Bizkaia kilileta migodi, viwanda na maelfu ya wafanyakazi wasiojua Kibaski, na kazi, fedha na cheo vikawa na lugha yake, nayo ilikuwa Kihispania.

Mwitikio wa kisiasa uliongozwa na Sabino Arana, aliyeasisi chama cha kizalendo mwaka 1895. Arana alikuwa mtakasaji wa lugha: alibuni maneno mengi mapya ili kuyafukuza yenye asili ya Kilatini. Mwitikio wa kitaaluma ulizaa Akademia ya Lugha ya Kibaski, Euskaltzaindia, iliyoundwa mwaka 1919 baada ya mkutano wa Oñati wa mwaka 1918. Rais wake wa kwanza alikuwa Resurrección María de Azkue, padre aliyekusanya msamiati na nyimbo kijiji hadi kijiji. Azkue alipendekeza lahaja ya Gipuzkoa ichukuliwe kuwa msingi na ikamilishwe kwa maneno ya lahaja nyingine. Pendekezo hilo lilikuwa la busara, lakini halikushika. Hapakuwa na shule iliyolihitaji.

SANAA YA PAPO KWA PAPO

Wakati wasomi walipokuwa wakibishana, wakulima walikuwa na bunge lao la lugha katika viwanja vya vijiji na katika nyumba za kunywea mvinyo wa matofaa. Humo alisimama bertsolari. Huyu ni mtunzi asiyeandika. Hupewa jambo la kuimbia, huchagua lahani inayojulikana na wote, kisha hutunga na kuimba pale pale, bila ala ya muziki, mbele ya watu. Mara nyingi husimama wawili wakajibizana, mmoja akipewa upande wa bwana na mwenzake upande wa mtumishi, au mmoja mume na mwingine mke.

Arudhi yake ni kali. Katika bahari iitwayo zortziko handia, ubeti una mishororo minne. Kipande cha kwanza cha kila mshororo kina mizani 10 na cha pili mizani 8, na kina ni kimoja kwa ubeti mzima. Bahari ndogo hutumia mizani 7 kwa 6. Kulirudia neno la kina katika ubeti mmoja ni aibu yenye jina lake, poto. Mtunzi mzoefu hupata kwanza mshororo wa mwisho, ambao ndio wenye hoja, kisha huimba kuanzia mwanzo akielekea huko. Wasikilizaji wanaokisia neno linalokuja huupokea mshororo huo na kuuimba pamoja naye. Padre Manuel Lekuona, katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya fasihi simulizi ya Kibaski, alionyesha kwamba kuruka kwa picha na ufupi wa maneno katika tungo hizi si kasoro za watu wasiosoma, bali ni kanuni za sanaa ya mdomo.

Mashindano makuu ya kwanza yalifanyika San Sebastián mwaka 1935, yakihimizwa na padre José de Ariztimuño, maarufu kwa jina la Aitzol. Alishinda Inazio Eizmendi, aliyejulikana kama Basarri, kijana aliyependa magazeti na lugha iliyosafishwa. Mwaka uliofuata alishinda Txirrita, mzee wa miaka 75, fundi wa mawe asiyejua kusoma wala kuandika. Ushindi huo wa zamu, kijana wa kalamu kisha mzee wa kumbukumbu, ulionyesha kwamba sanaa hii ilikuwa na nafasi kwa wote wawili. Txirrita alifariki mwaka huo huo wa 1936. Wiki chache baadaye vita vikaanza.

VITA NA UKIMYA

Yafaa isemwe wazi kwamba Wabaski hawakuwa upande mmoja. Nafarroa na sehemu kubwa ya Araba ziliunga mkono uasi wa Jenerali Franco. Bizkaia na Gipuzkoa zilibaki na Jamhuri. Mwezi Oktoba 1936 serikali ya kwanza ya Wabaski iliapishwa chini ya mti wa Gernika. Mwezi huo huo Aitzol alikamatwa na askari wa Franco akapigwa risasi. Tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Ujerumani na Italia zilizomsaidia Franco ziliutupia mji wa Gernika mabomu na kuuteketeza. Mti ulisalimika. Idadi ya waliokufa bado hubishaniwa na wanahistoria. Mwezi Juni mji wa Bilbao ulianguka, na amri ya serikali ya Franco ikaziondolea Bizkaia na Gipuzkoa haki zao za kifedha kama adhabu ya usaliti.

Lugha nayo iliadhibiwa. Iliondolewa shuleni na maofisini, na majina ya Kibaski yakakataliwa katika daftari la vizazi. Katika shule uliendelea utaratibu wa zamani, uliojulikana pande zote mbili za mpaka tangu karne zilizotangulia: mtoto aliyesikika akisema Kibaski alipewa pete, naye aliweza kuiondoa tu kwa kumkamata mwenzake katika kosa hilo hilo, aliyekutwa nayo mwisho aliadhibiwa. Waliosoma katika shule za Kenya wakati wa ukoloni, na hata baada ya hapo, wakivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani, hawahitaji kuelezwa kazi ya pete hiyo. Haikukusudiwa kumfundisha mtoto Kihispania tu. Ilimfundisha kumchongea ndugu yake, na kuiona lugha ya mamaye kuwa kitu cha kufichwa.

Matokeo yake yalionekana katika malezi. Wazazi wengi waliona ni huruma kuwanyima watoto lugha iliyowaletea wao fimbo. Hivyo lugha ilianza kukatika pasipo amri ya mtu, katika meza ya chakula.

SHULE ZA NYUMBANI

Kinyume na mkondo huo alisimama Elbira Zipitria, mwalimu wa San Sebastián, aliyevuka mpaka kukimbia vita na baadaye akarudi. Katika miaka ya 1940 alianza kufundisha watoto wachache kwa Kibaski ndani ya nyumba za watu. Shule ya aina hiyo iliitwa ikastola, jina lililokuwa likitumika tangu kabla ya vita. Katika miaka ya 1960 ikastola ziliongezeka, mara nyingi chini ya kivuli cha parokia, zikiendeshwa kwa michango ya wazazi na kwa kazi ya wanawake vijana waliojifunza ualimu kwa kufundisha. Wakati huo huo Rikardo Arregi aliongoza kampeni ya kuwafundisha watu wazima kuisoma lugha waliyoisema tangu utotoni bila kuiandika.

Hapo ndipo swali lililomshinda Azkue liliporudi kwa sura nyingine. Mwalimu aliyekuwa na watoto arobaini mbele yake na hana kitabu hakuuliza lahaja ipi ni tukufu. Aliuliza aandike nini ubaoni: dot, det au dut? Kuchapa kitabu kimoja cha hesabu katika maumbo manne kwa ajili ya watu wachache, tena maskini, lilikuwa jambo lisilowezekana. Usanifishaji ulikuwa umepata wenye haja nao.

ARANTZAZU, OKTOBA 1968

Akademia ilikutana katika nyumba ya watawa Wafransisko huko Arantzazu, katika milima ya Oñati, mwezi Oktoba 1968. Taarifa ya msingi iliandikwa na Koldo Mitxelena. Mtu huyu alikuwa amepigana upande wa Wabaski, akahukumiwa kifo, akapunguziwa adhabu, na kukaa gerezani kwa vipindi viwili kabla hajawa profesa wa Chuo Kikuu cha Salamanca na bingwa wa historia ya fonolojia ya Kibaski. Hakuwa mtu wa kutaka makuu. Alipendekeza kwamba kazi ianzie kwenye tahajia, ifuatwe na maumbo ya maneno, kisha viambishi vya nomino na vitenzi. Kiini kiwe lahaja za katikati, yaani za Gipuzkoa, Lapurdi na Nafarroa, ambazo zilieleweka na wengi na zilikuwa na urithi wa maandishi. Lahaja ya Bizkaia, ingawa ilikuwa na wasemaji wengi, ilikuwa pembeni mno kuwa msingi.

Ugomvi mkubwa ulizuka juu ya herufi h. Wabaski wa upande wa Ufaransa huitamka. Wa upande wa Uhispania walikuwa wameipoteza zamani. Mdomo ni aho kule kaskazini na ao katika Gipuzkoa. Neno "kongwe" ni zahar kule na zar huku. Wapinzani waliuliza kwa nini mkulima wa kusini ajifunze kuandika sauti asiyokuwa nayo kinywani. Watetezi walijibu kwamba vitabu vya Leizarraga na Axular vimejaa herufi hiyo, na kwamba kuiacha ni kuwaacha ndugu walio ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyekuwa na makosa kabisa. Herufi moja ilikuwa kizuizi kwa mmoja na daraja kwa mwingine.

Nyuma ya hoja hizo palikuwa na mambo mengine. Watetezi wengi walikuwa vijana wa mijini wenye siasa za mrengo wa kushoto. Wapinzani wengi walikuwa wazee Wakatoliki, baadhi yao wakiwa wameitunza lugha katika miaka ambayo kuitunza kulikuwa hatari. Wazee hao waliona vitabu vyao vikigeuzwa kuwa vya zamani kwa siku moja. Aidha, mwaka huo wa 1968 ndipo kundi la ETA lilipoanza kuua, na likaendelea hata watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha kabla ya kuacha silaha mwaka 2011. Damu hiyo iliichafulia lugha jina kwa watu wengi waliokuwa nje yake, na hata kwa baadhi ya waliokuwa ndani.

Kanuni zilizoanzishwa Arantzazu zilipewa jina la Euskara Batua, "Kibaski kilichounganishwa". Maumbo ya kitenzi kisaidizi yaliamuliwa mwaka 1973, na mwaka 1978 Akademia, ilipokutana Bergara, ilithibitisha njia iliyofuatwa kwa miaka kumi. Umbo lililochaguliwa kwa "ninacho" lilikuwa dut. Lakini shutuma moja ilibaki bila jibu. Ilisemekana kwamba Batua ni lugha ya karatasi, iliyopikwa na wasomi, isiyo na ladha wala utani, ambayo mtu hawezi kuimbia wala kulilia.

UWANJA WA MWAKA 1980

Jibu la shutuma hiyo halikutoka katika Akademia. Mashindano makuu ya bertsolari yalikuwa yamefufuliwa mwaka 1960, yakafanyika kwa mara ya mwisho chini ya Franco mwaka 1967, kisha yakanyamaza. Wababe wa kipindi hicho walikuwa Basarri na Uztapide, na lugha ya ushindi ilikuwa ya Gipuzkoa. Mtunzi wa Bizkaia aliyetaka kushinda alilazimika kuazima maumbo ya jirani yake.

Mashindano yaliporudi mwaka 1980, alishinda Xabier Amuriza, mzaliwa wa Etxano katika Bizkaia, aliyekuwa padre na aliyefungwa na serikali ya Franco katika gereza la mapadre huko Zamora. Amuriza aliimba kwa Batua. Uzito wa tendo hilo hauonekani mpaka mtu akumbuke mahali pa vina. Katika Kibaski vina huangukia mara nyingi kwenye viambishi vya mwisho na kwenye kitenzi kisaidizi, yaani pale pale lahaja zinapotofautiana zaidi. Anayebadili dot kuwa dut amebadili ghala lake lote la vina. Amuriza aliingia uwanjani na ghala jipya, akatunga papo kwa papo mbele ya maelfu ya watu, na watu wakaupokea mshororo wa mwisho. Mwaka 1982 alishinda tena.

Tangu hapo haikuwezekana kusema kwamba lugha sanifu haiimbiki. Mtu wa Bizkaia, ambaye lahaja yake ndiyo iliyowekwa kando Arantzazu, ndiye aliyeipa lugha ile sauti. Mwaka 1981 Amuriza alichapisha kamusi ya vina, akahimiza shule za utunzi, akidai kwamba sanaa hii hufundishika. Dai hilo liliwachukiza baadhi ya watu, walioamini kwamba bertsolari huzaliwa. Historia ilimthibitisha Amuriza. Andoni Egaña, msomi wa chuo kikuu, alishinda mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1993. Mwaka 2009 Maialen Lujanbio alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa taji hilo, katika ukumbi uliojaa watu zaidi ya elfu kumi. Katika beti zake za kuaga aliwakumbuka akina nyanya wa zamani waliobeba nguo za kufua vichwani. Alishinda tena mwaka 2017 na mwaka 2022.

HITIMISHO

Baada ya Franco kufa mwaka 1975, sheria zilifuata. Mkataba wa Gernika wa mwaka 1979 ulikifanya Kibaski kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania katika Bizkaia, Gipuzkoa na Araba. Nafarroa ilitunga sheria yake mwaka 1986, ikaigawa nchi katika kanda zenye haki tofauti. Ufaransa haikuipa lugha hiyo hadhi rasmi. Televisheni ya Kibaski ilianza siku ya mwisho ya mwaka 1982. Katika yale majimbo matatu, uchunguzi wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba watu 24 katika kila 100 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikijua Kibaski; mwaka 2021 walikuwa 36. Ni lugha chache zilizowahi kukandamizwa ambazo zimepata kupanda namna hiyo.

Walakini hesabu hiyo isipumbaze. Wanaoijua lugha wameongezeka kwa kasi kuliko wanaoisema barabarani, na katika upande wa Ufaransa wasemaji wamepungua. Vijana wengi wamepata Kibaski shuleni, nao hukiacha mlangoni pa shule. Wapo wazee katika mabonde ya Bizkaia wanaowasikia wajukuu wao wakisema dut, wakafurahi kwamba wanasema, na wakahuzunika kwamba hawasemi kama wao.

Katika historia hii mpangilio wa mambo wapaswa kuangaliwa. Sheria ilikuja mwisho. Kabla yake ilikuja kanuni ya Akademia; kabla ya kanuni, haja ya mwalimu mwenye ubao na asiye na kitabu; na kabla ya hayo yote, uwanja ambamo watu wasiosoma walikuwa wakipimana kwa mizani na vina. Mpango wa Azkue ulishindwa, ingawa ulikuwa wa haki, kwa sababu ulikosa shule ya kuutumia na mwimbaji wa kuuimba. Mpango wa Mitxelena ulifaulu, ingawa uliwaumiza wengi, kwa sababu ulivikuta vyote viwili.

Kiambishi -dun, basi, ndicho kipimo cha usanifishaji wowote wa Kibaski. Hakiulizi ni nani aliyeandika kanuni, wala ni lahaja gani iliyochaguliwa. Huuliza ni nani mwenye lugha. Akademia inaweza kutunga umbo la neno, na serikali inaweza kulitia muhuri. Mwenye lugha ni yule anayeweza kusimama nayo mbele ya watu, bila karatasi, akapewa jambo asilolitazamia, na akapata neno.